Benki hupimwa mojamoja, lakini haziugui mojamoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo moja kuhusu namna gazeti lako, na kwa kweli magazeti yetu karibu yote, yanavyoandika habari za uimara wa benki na vyama vya akiba na mikopo. Kila robo mwaka taarifa za hesabu zinapochapishwa, kurasa za uchumi hutueleza kwamba benki hii imeongeza mtaji, ile imepunguza mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, na nyingine ukwasi wake, yaani fedha zilizo tayari kulipwa, unatosha. Kisha msomaji huachwa aamini kwamba ikiwa kila moja ni nzima, basi zote kwa pamoja ni nzima. Nilikuwa afisa mikopo hapa Mwanza kwa zaidi ya miaka 20, na hayo ndiyo niliyoyaamini mimi pia, mpaka mwaka 1999 uliponionyesha vinginevyo. Nilipostaafu na kupata muda wa kusoma nilikutana na kazi za mtafiti aliyeanza na fizikia, akahamia kwenye viumbe hai, na uzeeni akageukia mabenki, nikagundua kwamba yaliyotupata kandokando ya ziwa yalikuwa na hesabu yake, na kwamba hesabu hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla mimi sijaajiriwa.

Chama nilichokitumikia sitakitaja, kwa kuwa kosa lilikuwa letu sote na baadhi ya wenzangu hawapo tena kujieleza. Wakopaji tuliwaandika katika kaunta buku nene, lenye safu sita zilizopigwa kwa rula: jina, namba ya uanachama, shughuli, kiasi, dhamana na marejesho. Safu ya shughuli ndiyo tuliyojivunia. Mwenyekiti wetu, mzee mwenye busara, aliagiza kwamba shughuli moja isichukue zaidi ya sehemu moja ya tano ya mikopo yote, ili moja ikiyumba nyingine ziibebe, nami nilihakikisha agizo hilo kwa kalamu nyekundu kila mwisho wa mwezi. Tulikuwa na matajiri wa mitumbwi, kama tunavyowaita huku wenye vyombo hata kama wana mtumbwi mmoja na madeni matatu; tulikuwa na wauza barafu, wenye maduka ya nyavu na kamba, wenye magari ya mizigo, mama lishe waliopika karibu na mageti ya viwanda, wenye nyumba za kulala wageni, na mafundi cherehani. Hizo ni shughuli saba, na mkaguzi alipokuja alitusifu kwamba tumetawanya hatari vizuri.

Mwaka huo wa 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kuingia katika masoko yake, kwa hofu kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakitumia sumu. Haikuwa mara ya kwanza, maana mapema mwaka 1998 palikuwa na zuio jingine kwa hofu ya kipindupindu. Viwanda vya minofu vilipunguza zamu, kisha baadhi ya mageti yakakaa yamefungwa wiki nzima. Mimi nilikuwa nikimsubiri mvuvi aje kuomba kuongezewa muda. Aliyekuja wa kwanza alikuwa fundi cherehani, mama mmoja mtulivu ambaye tangu aanze kukopa hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Nilimuuliza kushona nguo kunahusiana nini na samaki, akanitazama kama mtu anayetazama mtoto, akasema kwamba miaka mitatu mfululizo alikuwa hashoni kitu kingine ila makoti meupe na aproni za wafanyakazi wa kiwandani. Baada yake akaja muuza barafu, halafu mama lishe wawili kwa siku moja, halafu mwenye nyumba ya wageni, ambaye wageni wake wote walikuwa madereva wa magari ya samaki. Tajiri wa mitumbwi alikuja mwishoni kabisa, kwa sababu yeye angalau samaki wake waliweza kuliwa hapahapa, ingawa kwa bei ya kutupa.

Shughuli zetu saba zilikuwa moja. Wote walikuwa wakila kutoka kwa sangara, na sangara naye alikuwa akila kutoka kwenye meza za watu wa mbali ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwaona.

Yaliyofuata yanaumiza zaidi kuyaandika, kwa sababu hayakuletwa na Ulaya bali na sisi wenyewe. Wanachama waliposikia kwamba marejesho yamekwama walikuja kudai akiba zao, na ili tuwalipe tukaanza kuwabana wakopaji ambao bado walikuwa na pumzi, tukawataka walipe kabla ya wakati. Walioshindwa tuliwanyang'anya dhamana, hasa injini za mitumbwi. Chama jirani kilifanya hivyohivyo, na benki moja ya mjini nayo ilifanya hivyohivyo, karibu wiki ileile. Sasa, Ndugu Mhariri, mnunuzi wa injini ya mtumbwi ni mvuvi, na mvuvi ndiye tuliyekuwa tumemnyang'anya. Injini zilipangwa ghalani kwetu zikinuka petroli, bei ikaporomoka mpaka dhamana iliyoandikwa kwenye safu ya tano ya daftari haikufikia hata nusu ya thamani yake, na kwa hiyo hata mikopo iliyokuwa salama kwa maandishi ikawa si salama. Nilikuja kufahamu baadaye kwamba benki ambamo chama chetu kiliweka fedha za tahadhari ilikuwa imevikopesha viwanda vya minofu vilevile. Kila barua ya kukamata mali ilikuwa na saini yangu, na kila moja, ukiisoma peke yake, ilikuwa ya haki na ya busara.

Mtafiti niliyemtaja ni Robert May. Alizaliwa Sydney, Australia, mwaka 1936, akasomea fizikia, kisha akavutwa na maswali ya ikolojia, akafundisha Princeton na Oxford, akawa mshauri mkuu wa sayansi wa serikali ya Uingereza kuanzia 1995 hadi 2000, halafu rais wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, hadi 2005. Alifariki Aprili 2020. Jambo lililomfanya ajulikane ni makala fupi ya mwaka 1972 katika jarida la Nature, iliyouliza kama mfumo mkubwa na tata unaweza kuwa tulivu. Kabla yake wanaikolojia wengi waliamini kwamba utata ni kinga: msitu wenye spishi nyingi zinazotegemeana kwa njia nyingi ni lazima uwe imara kuliko wenye chache. May alichukua mtandao wa kufikirika, akaunganisha spishi kwa kubahatisha, akakokotoa kama mfumo ukisukumwa kidogo utarudi mahali pake au utayumba zaidi na zaidi. Alikuta kwamba kuna mpaka. Ukizidisha idadi ya spishi kwa sehemu ya viungo vilivyopo kati ya vyote vinavyowezekana, ukatafuta kipeuo cha pili, kisha ukazidisha kwa nguvu ya wastani ya viungo hivyo, jibu likivuka nguvu ambayo kila spishi inayo ya kujizuia yenyewe, yaani ya kurudi katika hali yake ya kawaida ikisukumwa, utulivu unatoweka.

Naomba nioneshe kwa tarakimu, maana maneno matupu yanateleza. Tuchukue spishi 100, na tuseme kiungo 1 kati ya kila 10 vinavyowezekana ndicho kilichopo. Mia moja mara moja ya kumi ni 10, na kipeuo chake cha pili ni kama 3.16. Ikiwa nguvu ya kujizuia tunaiita 1, basi kila kiungo kinaruhusiwa kuwa na nguvu ya wastani isiyozidi 0.32 hivi. Ongeza viungo viwe 2 kati ya 10, bila kugusa kitu kingine chochote, na kiwango hicho kinashuka hadi 0.22. Viungo vilevile ambavyo jana vilikuwa salama kwa nguvu ya 0.3, leo ni hatari, na hakuna spishi hata moja iliyodhoofika. Ukimpima kila mmoja peke yake utamkuta mzima wa afya. Kilichobadilika ni kile kilicho katikati yao.

Ni kweli kwamba maumbile hayakuunganishwa kwa kubahatisha, na May mwenyewe alilisema hilo tangu mwanzo. Hesabu yake iligeuza swali: badala ya kudhani kwamba wingi wa viungo ni baraka, tukalazimika kuuliza ni mpangilio gani hasa unaouwezesha msitu au ziwa kudumu licha ya wingi huo. Jibu mojawapo lililojadiliwa sana tangu wakati huo ni mgawanyo wa vyumba, yaani makundi yenye uhusiano wa karibu ndani yake na uhusiano hafifu baina yake, kama shamba la miti lililoachiwa njia za kuzuia moto. Njia hizo hupunguza idadi ya miti katika mwaka wa kawaida, na mwenye shamba anayehesabu miti tu ataziona ni hasara.

Februari 2008, miezi saba kabla ya benki ya Lehman Brothers kuanguka huko New York, May pamoja na Simon Levin na George Sugihara walichapisha katika jarida lilelile makala iliyowaelekea mabenki. Walitumia, pamoja na mengine, uchunguzi wa mfumo wa malipo baina ya benki nchini Marekani, ambamo maelfu ya benki hutumiana fedha kila siku. Mchoro wake ulionyesha kwamba benki 66 tu zilibeba asilimia 75 ya thamani yote ya malipo ya siku, na kati ya hizo 25 zilikuwa zimeunganishwa kila moja na kila nyingine. Mtandao wa namna hiyo unastahimili sana ajali ya kubahatisha, kwa kuwa uwezekano mkubwa ni kwamba atakayepata ajali ni mdogo wa pembezoni. Lakini mmoja wa wale wa katikati akiugua, ugonjwa unafika kila mahali kabla ya jua kuzama. Waandishi hao walilalamika pia kwamba fedha na akili nyingi hutumika kupima hatari ya kila taasisi peke yake, na kidogo mno kupima hatari ya mfumo mzima, wakatolea mfano usimamizi wa uvuvi, ambao kwa muda mrefu ulihesabu kila aina ya samaki kivyake kabla ya kuanza kulitazama ziwa au bahari kwa ujumla wake. Nilipofika kwenye mstari huo niliweka karatasi chini, nikatoka nje kwanza.

Miaka mitatu baadaye, Januari 2011, May aliandika tena, safari hii pamoja na Andrew Haldane, aliyekuwa akisimamia uthabiti wa mfumo wa fedha katika Benki Kuu ya Uingereza. Humo wameeleza njia ambazo msukosuko husambaa kutoka benki moja hadi nyingine. Ya kwanza ni ile iliyo wazi, kwamba aliyenikopa akifa na mimi ninaumia. Ya pili ni mali kuuzwa kwa haraka, bei ikashuka, na kila mwenye mali ya aina hiyo akajikuta maskini ingawa hakumkopesha marehemu hata senti moja. Hizo ndizo injini zetu ghalani. Ya tatu ni benki kuogopa na kukumbatia fedha taslimu badala ya kukopeshana, na hapo hata aliye mzima anakosa hewa. Mimi niliziona zote tatu ndani ya mwaka mmoja, katika mji mmoja, na sikuwa na jina la hata moja.

Lipo jambo katika kazi hizi ambalo nadhani halijaeleweka huku kwetu, nalo ni kwamba kutawanya hatari kunaweza kumlinda mmoja na kuwahatarisha wote. Tuchukulie benki mbili za Kanda ya Ziwa, moja inakopesha wavuvi tu, nyingine wakulima wa pamba tu, na tuchukulie kwa ajili ya hesabu kwamba samaki huharibika mwaka 1 kati ya 10, na pamba vilevile, bila moja kutegemea nyingine. Uwezekano wa benki zote mbili kufa mwaka mmoja ni 1 kati ya 100. Sasa kila benki inasikia ushauri mzuri na kugawa mikopo yake nusu kwa samaki, nusu kwa pamba. Kama kila moja ina mtaji wa kustahimili kupotea kwa nusu ya mikopo, ushauri ulikuwa mzuri kweli, kwa kuwa zitakufa tu mwaka ambao samaki na pamba vimeharibika pamoja. Lakini kama mtaji hautoshi kubeba hasara ya nusu, basi mwaka wowote mbaya wa samaki, au wowote mbaya wa pamba, unaziua zote mbili kwa pamoja, na uwezekano huo umekuwa 19 kati ya 100. Zimefanana mno. Mkaguzi anayezitazama moja baada ya nyingine atazipa alama nzuri zote mbili, kwa sababu kila moja imetawanya. Hakuna safu katika fomu yake inayouliza kama jirani naye ametawanya kwa namna ileile.

Ziwa lenyewe lilitupa somo hili kabla ya mabenki. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa muda mrefu hakuonekana kufanya kitu. Katika miaka ya 1980 alilipuka. Furu, wale samaki wadogo ambao wazee wetu waliwala na ambao wanasayansi walihesabu zaidi ya spishi 500 kati yao, walikuwa sehemu kubwa mno ya samaki wa ziwa hili, baadhi ya vipimo vya miaka ya 1970 vikiwaweka karibu na asilimia 80 ya uzito wote. Ndani ya miaka michache wakawa wachache kiasi cha kutohesabika, na inakadiriwa kwamba spishi 200 au zaidi zimetoweka. Kati ya furu walikuwapo waliokula mwani, waliokula tope, waliokula konokono, wadudu, na furu wenzao, kila kundi likifanya kazi yake. Mahali pa wote hao tukabaki na uvuvi unaosimama juu ya aina tatu, sangara, dagaa na sato, nasi tukafurahi, kwa sababu mapato yaliongezeka kila mwaka. Mimi mwenyewe nilijenga nyumba katika miaka hiyo. Na viungo havikuishia majini. Furu alianikwa juani akakauka. Sangara ana mafuta, hakauki kwa jua, hutaka moshi, na moshi hutaka kuni, na vilima vilivyokatwa miti hupeleka udongo ziwani mvua ikinyesha. Minofu ikaenda kiwandani na ng'ambo, mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, yakaenda China, na vichwa na mifupa, yale mapanki, yakabaki kukaangwa na kuliwa na watu wa hapa. Huwezi kueleza mkopo wa mama anayekaanga mapanki bila kueleza ndege ya mizigo inayoruka usiku kwenda Ulaya, na ndege zilipopungua mwaka 2020 wakati wa uviko, mkopo huo ndio uliotikisika.

Nitajibu kwa kifupi wale watakaosema kwamba benki si samaki. Hawakosei. Haldane na May wenyewe waliandika kwamba viumbe tunaowaona leo ni mabaki yaliyochujwa kwa muda mrefu sana, wakati mifumo ya fedha ni ya juzi tu na haijachujwa na kitu. Tofauti hiyo haitupi faraja. Samaki hakimbii kwa kusikia uvumi. Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016 benki tatu ziliwekwa chini ya usimamizi nchini Kenya, na ya tatu ilikimbiwa na wateja huku ujumbe wa simu na mitandao ukienda kasi kuliko taarifa yoyote rasmi, mpaka Benki Kuu ya nchi hiyo ikalazimika kutangaza kwamba itazikopesha benki nyingine zitakazobanwa bila kosa lao. Anayetaka kuzitumia modeli hizi kama utabiri wa tarehe ya anguko atapoteza muda wake. Zinatuonyesha maji yatapita wapi mvua ikinyesha, na hiyo ni habari kubwa kwa mtu anayetaka kujua ajenge wapi.

Na pengine zinatupa kidogo zaidi ya hapo. Watafiti wakiongozwa na Stephen Carpenter walifanya jaribio katika ziwa dogo liitwalo Peter, huko Michigan nchini Marekani: waliongeza samaki wala nyama kidogokidogo mpaka mfumo wa chakula wa ziwa ukageuka, huku ziwa jirani la Paul likiachwa lilivyo kwa ajili ya kulinganisha. Mwaka 2011 waliripoti kwamba dalili za mgeuko zilionekana katika vipimo zaidi ya mwaka mmoja kabla haujakamilika. Dalili kuu katika nadharia hii ni uzito wa kupona: mfumo unaokaribia ukingo, ukisukumwa kidogo, huchukua muda mrefu zaidi kurudi sawa. Nilirudi kwenye kaunta buku langu, ambalo nililiokoa lisichomwe wakati chama kilipohama ofisi, nikatazama marejesho baada ya zuio la kwanza la 1998 kuondolewa. Malipo yaliyokuwa yakifika tarehe 5 yalifika tarehe 9, halafu 14, halafu 12, halafu 20. Hayakuwahi kurudi tarehe 5. Pembeni niliandika kwa mkono wangu: “uzembe wa wakopaji.” Daftari moja halithibitishi nadharia, najua, lakini ningepewa nafasi ya kulifuta neno hilo ningelifuta.

Kinachonisukuma kuandika sasa ni kwamba viungo vyetu vimeongezeka mno kuliko mwaka 1999, na mara nyingi kwa faida. Tangu mwaka 2014 mitandao ya pesa za simu Tanzania ilipoanza kuunganishwa, mama wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, anapokea fedha kutoka mtandao wowote, na sitaki kumrudisha alikotoka. Lakini macho yanayovitazama viungo hivyo yamegawanyika. Benki zinatazamwa na Benki Kuu. Saccos, tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, zinatazamwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, vikundi vya kijamii vinatazamwa na halmashauri, na samaki, ambaye ndiye mdhamini wa wote, anatazamwa na wizara nyingine kabisa. Kila mmoja anaweza kuifanya kazi yake vizuri na swali la katikati likabaki bila mwenyewe. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano ndogo kwa upungufu wa mtaji, na mfumo haukutikisika. Wengine walilichukua hilo kuwa ushahidi kwamba mfumo ni imara. Kwa mtu aliyesoma ule mchoro wa benki 66, huo ni ushahidi tu kwamba waliotoka walikuwa wa pembezoni. Na wale waliodhani kuwa na njia mbili kunatosha wakumbuke Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika siku moja na intaneti ikazorota hapa kwetu, Kenya na nchi jirani. Katika vitabu zilikuwa nyaya mbili za wamiliki tofauti, nazo zimelala katika bahari ileile.

Ombi langu kwa wasimamizi ni dogo kuliko linavyoonekana. Safu ya “shughuli” katika fomu za mikopo iongezewe swali moja: mteja wako mkubwa ni nani, na yeye anamuuzia nani? Fundi cherehani wangu angeulizwa hivyo mwaka 1997, jibu lake lingekuwa la maneno mawili, na kalamu yangu nyekundu ingekuwa na kazi tofauti. Majibu hayo yakikusanywa kwa kanda, bila majina ya watu, Benki Kuu inaweza kuyaweka katika ripoti yake ya uthabiti wa mfumo wa fedha, ili tujue si tu kwamba Kanda ya Ziwa ina mikopo chechefu kiasi gani, bali pia ni sehemu gani ya mikopo yote ya kanda, iwe ya benki, saccos au vikundi, inayosimama mwishowe juu ya samaki mmoja. Fedha za tahadhari za vyama vidogo nazo ziulizwe zimewekwa wapi. Duniani, tangu Novemba 2011, benki zilizoonekana kuwa kitovu cha mtandao zilianza kutajwa hadharani na kutakiwa kuwa na mtaji wa ziada kwa sababu ya nafasi yao. Sioni kwa nini kitovu cha mji wa samaki kisijulikane na watu wanaoishi kwa samaki.

Kwako wewe, Ndugu Mhariri, naomba mwandishi wako wa uchumi, atakapokaa tena na wakurugenzi wa benki wakati wa taarifa za robo mwaka, asiishie kumuuliza kila mmoja kama benki yake ni imara. Watajibu kwamba ni imara, na wengi watakuwa wanasema kweli. Amuulize kila mmoja ni nani wengine waliomkopesha mteja wake mkubwa kuliko wote, kisha majibu ayachapishe kwenye ukurasa mmoja.

Mjukuu wangu amenisaidia kuhamishia kaunta buku lote kwenye karatasi kubwa ya manila, kila mkopaji akiwa nukta na kila mteja wake akiwa mstari. Mistari mingi inapita kwa wauza barafu wawili, watu ambao kwa kiasi cha mkopo walikuwa miongoni mwa wadogo kabisa na ambao sikumbuki kama niliwahi hata kuwatembelea. Karatasi ipo ukutani sebuleni kwangu, majina nimeyafunika, na ofisa yeyote wa usimamizi au mwanafunzi wa chuo anayetaka kuiona anakaribishwa siku yoyote isipokuwa Ijumaa jioni.

Wako,
Afisa mikopo mstaafu,
Mwanza